Kigeu Kisichosomwa: Uhakiki wa Usanidi wa Zana za Ripoti za Majaribio ya Programu Mbele ya Sheria ya Data ya Rwanda

Ikisiri

Zana zinazotoa ripoti za majaribio ya programu husanidiwa, kwa sehemu kubwa, kwa vigeu vya mazingira, yaani majina mafupi yanayopewa thamani katika seva inayoendesha majaribio hayo. Makala haya yanavihakiki vigeu hivyo kama matini. Mfano mkuu ni vigeu vitatu vya zana ya Cucumber, vinavyosomwa sambamba na Sheria Na. 058/2021 ya Rwanda kuhusu ulinzi wa data binafsi na faragha. Inadaiwa kuwa kigeu kinachoamua ripoti iende wapi ni uamuzi wa kisera uliovaa vazi la ufundi, na kwamba jinsi nyaraka za zana hizi zinavyoandikwa humnyima msomaji wa sera nafasi ya kuutambua uamuzi huo. Makala yanapendekeza daftari la vigeu linaloandikwa kwa Kiswahili chenye istilahi zilizokubaliwa, na kuonesha ingizo moja la daftari hilo lingekuwaje.

1. Utangulizi

Kwa zaidi ya muongo mmoja Kigali imekuwa mahali ambapo sera ya teknolojia huandikwa na kutekelezwa kwa kasi. Lango la Irembo, lililoanza kutumika mwaka 2015, limehamishia mtandaoni huduma ambazo zamani zilimtaka mwananchi apange foleni ofisini: vyeti vya kuzaliwa, uandikishaji wa mtihani wa udereva na nyingine nyingi. Sekretarieti ya Smart Africa ina makao yake katika jiji hilohilo. Watafiti wanapoyachunguza mafanikio haya, macho yao huelekea kwenye sheria, bajeti, miundombinu na huduma inayomfikia raia. Ni nadra yaelekee kwenye jambo dogo linaloonekana kuwa la fundi peke yake: jinsi zana za kujaribu programu zinavyosanidiwa.

Programu inayohudumia umma hutakiwa kujaribiwa kabla ya kuachiliwa. Siku hizi sehemu kubwa ya majaribio hayo hufanywa kiotomatiki na programu nyingine, kila mara msimbo unapobadilishwa. Majaribio yakimalizika, zana ya ripoti hukusanya matokeo: jaribio lipi limefaulu, lipi limeshindwa, katika hatua gani na kwa data ipi. Zana hiyo huelekezwa la kufanya kwa vigeu vya mazingira. Kigeu cha mazingira ni jina lililopewa thamani nje ya programu, ndani ya mfumo unaoiendesha. Programu inapoanza kazi hulisoma jina hilo na kutii thamani yake. Kwa mfano, zana ya jest-junit husoma kigeu JEST_JUNIT_OUTPUT_DIR ili kujua ripoti iwekwe katika folda gani. Hapo pana hatari ndogo, kwa kuwa ripoti hubaki katika kompyuta ileile iliyoendesha majaribio. Lakini zipo zana ambazo kigeu chake hakichagui folda, bali huamua iwapo ripoti itatoka nje ya taasisi, na pengine nje ya nchi.

Dai la makala haya ni moja. Kigeu cha aina hiyo ya pili ni kifungu cha sera. Huamua data ya nani iende wapi, kwa idhini ya nani na kwa muda gani. Hata hivyo, huandikwa, hufafanuliwa na huhifadhiwa kana kwamba ni suala la urahisi wa kazi tu. Tofauti hiyo kati ya uzito wa uamuzi na wepesi wa maandishi yake ndiyo inayohakikiwa hapa.

2. Hoja njema na hasara yake

Vigeu vya mazingira si jambo jipya. Vilianza katika toleo la saba la mfumo wa Unix, mwaka 1979, vikiwa njia nyepesi ya kuipa programu habari za mahali inapofanyia kazi. Vilipata hadhi mpya mwaka 2011, wakati Adam Wiggins na wenzake wa kampuni ya Heroku walipotoa kanuni 12 za kuunda programu za mtandaoni. Kanuni ya tatu inataka usanidi utenganishwe kabisa na msimbo na uwekwe katika mazingira. Kipimo walichokitoa ni rahisi na cha busara: je, msimbo wote unaweza kuwekwa hadharani wakati wowote bila kufichua siri yoyote? Ikiwa jibu ni hapana, basi usanidi haujatenganishwa na msimbo.

Kanuni hiyo imeleta manufaa ambayo mhakiki hana budi kuyakiri. Imeziokoa taasisi nyingi na tabia ya kuandika nywila ndani ya msimbo. Imewezesha programu moja kuendeshwa katika seva ya majaribio na katika seva ya huduma bila kubadilishwa hata mstari mmoja. Kwa nchi yenye kikosi kidogo cha wahandisi kinachohudumia taasisi nyingi, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, kanuni hiyo ililitazama tatizo moja, nalo ni siri. Haikulitazama tatizo la pili, nalo ni kumbukumbu. Mstari wa usanidi ulio ndani ya msimbo huhifadhiwa pamoja na historia yake: nani aliuandika, lini, na mara nyingi kwa sababu gani. Mkaguzi anayefika baada ya mwaka mmoja anaweza kuifuata historia hiyo hatua kwa hatua. Kigeu cha mazingira huishi mahali pengine, katika ukurasa wa mipangilio wa seva ya ujenzi au katika skripti ya kompyuta ya mtu mmoja. Mara nyingi hubadilishwa bila kuacha maelezo ya sababu. Katika baadhi ya mifumo, ukiwamo GitLab, kigeu kilichowekwa katika ngazi ya kundi hurithiwa na miradi yote iliyo chini yake, hata ile iliyoanzishwa baadaye na watu wasiojua kuwa kigeu hicho kipo. Kwa hiyo, kanuni iliyokusudiwa kuiondoa siri ndani ya msimbo imeuondoa pia uamuzi ndani ya kumbukumbu.

3. Kuvisoma vigeu vitatu

Cucumber ni zana huria iliyoanzishwa na Aslak Hellesøy mwaka 2008. Inafaa kuhakikiwa kwa sababu msingi wake wenyewe ni wa kilugha. Majaribio yake huandikwa kwa sentensi zinazokaribia lugha ya kawaida, ili mhandisi, mwenye huduma na mteja wayasome pamoja na kukubaliana. Maneno yake makuu yametafsiriwa katika lugha zaidi ya 70. Ni zana iliyojengwa juu ya imani kwamba asiyekuwa fundi ana haki ya kuelewa kinachojaribiwa.

Mwaka 2020 waendelezaji wake waliongeza huduma ya kuchapisha ripoti mtandaoni, inayosanidiwa kwa vigeu vitatu: CUCUMBER_PUBLISH_ENABLED, CUCUMBER_PUBLISH_TOKEN na CUCUMBER_PUBLISH_QUIET. Kwa mujibu wa nyaraka zake, kigeu cha kwanza kikipewa thamani ya true, ripoti hutumwa kwenye seva ya huduma hiyo na kupewa kiungo. Aliye na kiungo huiona. Ripoti isiyofungamanishwa na akaunti hujifuta baada ya saa 24. Kigeu cha pili hubeba tokeni, ambayo huiweka ripoti katika mkusanyo wa akaunti maalumu. Kigeu cha tatu hunyamazisha tangazo.

Haki itendeke kwanza. Chaguo-msingi la zana hii ni kutochapisha. Asiyegusa kigeu chochote hatumi chochote. Huo ni uamuzi mwema wa waundaji, na si zana zote za mtandaoni zinazouiga. Uhakiki unaofuata hauhusu nia yao, bali unahusu jinsi uamuzi unavyosomeka pale taasisi inapouchukua.

Kigeu cha kwanza kinatumia neno linalomaanisha kuchapisha. Katika desturi ya wahandisi neno hilo limepoteza makali yake: kuchapisha ni kuweka kitu mahali ambapo wenzako watakiona. Kwa mshauri wa sera, kuchapisha ni kutoa hadharani, tendo lenye mhusika na wajibu wa kisheria. Jina la kigeu linaongeza hali ya kutendwa isiyo na mtenda: uchapishaji umewezeshwa. Umewezeshwa na nani, kwa niaba ya nani? Jina halisemi, na thamani ya true haiwezi kusema.

Kinachochapishwa nacho hakionekani katika jina. Ripoti ya Cucumber hubeba zaidi ya orodha ya yaliyofaulu na yaliyoshindwa. Ndani yake mna maandishi kamili ya kila jaribio, majedwali ya data yaliyotumiwa, na picha za skrini iwapo zimeambatishwa. Aidha, mna habari kuhusu mfumo wenyewe: aina ya kompyuta, anwani ya hazina ya msimbo, jina la tawi na namba ya ujenzi. Habari hizo za mwisho zana huzipata kwa kusoma vigeu vingine vya mazingira vilivyowekwa na seva ya ujenzi. Kwa maneno mengine, kigeu kimoja kinaamuru vigeu vingine vieleze habari zao.

Kigeu cha pili kinabeba tokeni. Msomaji wa Afrika Mashariki analijua neno hili kutokana na umeme: tokeni ni tarakimu zinazonunuliwa na kuingizwa katika mita. Ulinganisho huo unapotosha mahali muhimu. Tokeni ya umeme hutumika katika mita moja tu, na mwizi akiiona haimfai. Tokeni ya zana ya ripoti haina mita. Hutumika mikononi mwa yeyote aliyeipata, na mara nyingi hubaki hai hadi pale mtu atakapokumbuka kuifuta.

Kigeu cha tatu ndicho kinachostahili kusomwa kwa uangalifu zaidi. Pale ambapo uchapishaji haujawashwa, zana huonesha tangazo linalomwalika mtumiaji kuchapisha na kumweleza namna ya kufanya hivyo. Kigeu QUIET kikipewa thamani ya true, tangazo hilo huondoka. Taasisi iliyokiweka inaweza kudhani kuwa imefunga mlango, ilhali imefunika bango tu. Mwaliko umenyamazishwa bila kukataliwa. Siku yoyote mtu mwingine anaweza kukiwasha kigeu cha kwanza, na hakuna maandishi popote yatakayoonesha kuwa taasisi iliwahi kusema hapana. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika usanidi, kimya hakiwezi kuchukuliwa kuwa ni msimamo.

Kwa hiyo pana kinaya katikati ya zana hii. Ripoti imeandikwa kwa lugha ambayo asiyekuwa fundi anaielewa, lakini uamuzi wa ripoti hiyo iende wapi umeandikwa kwa lugha na mahali ambapo fundi peke yake hufika.

4. Sheria na saa

Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 ilitangazwa katika Gazeti Rasmi la Rwanda tarehe 15 Oktoba 2021, ikatoa miaka miwili ya mpito iliyokwisha Oktoba 2023. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Mtandao ndiyo inayosimamia utekelezaji wake. Kifungu cha 50 kinataka data binafsi zihifadhiwe ndani ya Rwanda. Kuzihifadhi nje kunaruhusiwa kwa mwenye cheti halali cha usajili kinachompa idhini hiyo, kilichotolewa na mamlaka. Vilevile, sheria inaitaka taasisi iiarifu mamlaka ndani ya saa 48 tangu ilipotambua kuwa usalama wa data umevunjwa.

Masharti hayo yakiwekwa kando ya kigeu cha uchapishaji, maswali matatu yanajitokeza.

Swali la kwanza ni kama ripoti ya majaribio ina data binafsi. Jibu la kawaida ni kwamba data za majaribio ni za kubuni. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini chukulia jaribio la fomu ya kuomba cheti. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Rwanda ina tarakimu 16, na ndani yake mna mwaka wa kuzaliwa na jinsia ya mwenye kitambulisho. Fomu iliyoundwa vizuri hukataa namba isiyofuata mpangilio huo. Mhandisi anayetaka jaribio lipite anahitaji namba iliyopangika sawasawa, na iliyo karibu zaidi naye ni namba yake mwenyewe au ya mwenzake. Namba hiyo ikiingia katika jedwali la jaribio, inaingia pia katika ripoti. Haihitaji jina pembeni yake ili imfichue mtu.

Swali la pili ni kama kutuma ripoti ni kuhifadhi data nje ya nchi. Ripoti inayokaa saa 24 katika seva ya huduma iliyo nje imehifadhiwa huko kwa saa hizo 24. Ni vigumu kuona katika maneno ya Kifungu cha 50 msamaha unaotokana na ufupi wa muda. Mhandisi anayeandika true hafikirii kuwa anaomba cheti kwa mamlaka, wala hakuna neno katika jina la kigeu linalomkumbusha.

Swali la tatu linahusu saa zenyewe. Kujifuta kwa ripoti baada ya saa 24 huelezwa kama kinga ya faragha, na kwa kiasi fulani ndivyo kulivyo. Lakini fikiria ripoti iliyochapishwa kimakosa Ijumaa jioni. Jumamosi jioni imekwisha kufutika. Jumatatu asubuhi afisa wa ulinzi wa data anaarifiwa, na saa 48 za kuiarifu mamlaka zinaanza kuhesabiwa. Atasema nini? Isipokuwa taasisi iwe imejihifadhia nakala, hana ripoti ya kuonesha ni data za nani zilikuwamo. Nakala iliyopakuliwa na mwenye kiungo haikufutika pamoja na ripoti. Kilichotoweka ni ushahidi uliokuwa upande wa taasisi. Muda uliowekwa na zana ili kulinda umekuja kabla ya muda uliowekwa na sheria ili kuwajibisha, na kuupunguzia huo wa pili maana yake.

5. Funzo la Codecov

Huenda ikadhaniwa kuwa hatari iliyoelezwa ni ya kinadharia. Mwaka uleule Rwanda ilipotunga sheria yake, tukio moja lilionesha vinginevyo. Codecov ni huduma inayopokea ripoti za kiasi cha msimbo kilichoguswa na majaribio. Wateja wake waliituma ripoti kwa skripti iliyopakuliwa na kuendeshwa ndani ya seva zao za ujenzi, ikitumia tokeni iliyowekwa katika kigeu CODECOV_TOKEN. Kuanzia tarehe 31 Januari 2021, wavamizi waliokuwa wamepata njia kupitia kosa katika utengenezaji wa taswira ya Docker ya kampuni hiyo waliibadilisha skripti. Walichoongeza kilikuwa kidogo: amri ya kutuma vigeu vyote vya mazingira kwenye seva yao. Badiliko hilo liligunduliwa tarehe 1 Aprili, pale mteja mmoja alipolinganisha alama ya kihesabu ya skripti aliyoipakua na ile iliyotangazwa, akaona hazilingani. Kampuni ilitoa taarifa hadharani tarehe 15 Aprili. Miongoni mwa waliothibitisha kuathirika ni HashiCorp, ambayo ililazimika kubadilisha ufunguo iliokuwa ikitumia kuthibitisha programu zake.

Tukio hilo lilisomwa na wengi kama kisa cha uvamizi wa mnyororo wa ugavi wa programu. Kwa mada hii lina funzo la karibu zaidi. Zana ya ripoti ilihitaji kigeu kimoja tu, lakini ilikuwa na uwezo wa kuvisoma vyote. Mazingira ni chumba kimoja kisicho na kuta za ndani: nywila ya hifadhidata, ufunguo wa malipo na tokeni ya ripoti hukaa pamoja, na kila mchakato unaozaliwa humo huvirithi vyote isipokuwa mtu awe amekusudia kuvitenga. Kwa hiyo, swali la mshauri wa sera lisiishie kwenye ripoti iendako. Lazima aulize pia ni nini kingine kilichokuwamo chumbani zana ya ripoti ilipoingia.

6. Suala la istilahi

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kikiungana na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Sheria ya 058/2021 imechapishwa kwa lugha tatu: Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Msomaji wa Kiswahili anayetaka kuijadili pamoja na wenzake wa Goma, Bujumbura au Dar es Salaam hana budi kujitafutia maneno. Kwa upande wa sheria kazi imepata mahali pa kuanzia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume inayoisimamia hutumia istilahi kama mkusanyaji na mchakataji wa taarifa binafsi. Istilahi hizo zinaweza kujadiliwa, kukubaliwa au kuboreshwa, lakini zipo.

Kwa upande wa usanidi mambo hayajatulia. Tafsiri inayojitokeza haraka ni vigezo vya mazingira. Tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Kigezo ni kipimo cha kuamulia jambo, si jina linalopewa thamani. Tena, neno mazingira limekwisha kupata makao katika mijadala ya sera. Mshauri wa Kigali, mji ulio katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, akisikia vigezo vya mazingira atafikiria misitu, mito na taka, na atakuwa na haki. Waraka wenye kichwa hicho utapelekwa kwenye idara isiyohusika. Vibadilika vya mazingira nayo inakaribia kumaanisha mabadiliko ya tabianchi. Neno kigeu, linalotumika katika hisabati, ni jembamba na sahihi zaidi, ingawa huweza kumkumbusha msomaji kigeugeu, mtu asiyekuwa na msimamo. Ukumbusho huo si mbaya: thamani yake hubadilika kweli, na asiyeifuatilia hudanganyika.

Makala haya yametumia vigeu vya mazingira kwa ufupi. Katika nyaraka za sera inafaa jina kamili liwe vigeu vya mazingira ya programu, ili utata uondolewe pale unapozaliwa. Kwa tendo lililoitwa kuchapisha, inafaa nyaraka za Kiswahili zitofautishe kutunza ripoti ndani, kuituma nje na kuitangaza hadharani. Majina ya vigeu vyenyewe hayatafsiriwi, kwa kuwa mashine huyasoma herufi kwa herufi. Kinachotafsiriwa ni wajibu unaobebwa na majina hayo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoko Zanzibar, ni mahali panapofaa kuliwasilisha jambo hili, kwa sababu istilahi zikiachwa kwa kila nchi zitafuata njia ya kompyuta na tarakilishi, maneno mawili yanayoshindania kitu kimoja.

7. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba wahandisi wa Kigali husoma Kiingereza bila shida, na kwa hiyo maelezo ya Kiswahili hayana mtumiaji. Pingamizi hili linamtazama msomaji asiye sahihi. Mhandisi anakijua kigeu. Asiyekijua ni afisa wa ulinzi wa data, mkaguzi, mwanasheria na mjumbe wa bodi, ambao ndio wanaobeba wajibu kisheria. Pia ushirikiano wa kanda umepanuka. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, timu moja inaweza kuwa na mtu aliyesoma kwa Kifaransa Goma na mwingine aliyesoma kwa Kiingereza Kampala. Lugha inayoweza kuwakutanisha katika kikao bila mkalimani mara nyingi ni Kiswahili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kila kigeu kikigeuzwa kuwa suala la sera, kazi itakwama. Seva moja huweza kuwa na vigeu vingi mno, na vingi havina madhara. Pingamizi hili lina haki, na linaonesha mpaka wa pendekezo. Kigeu kinachochagua folda au rangi ya maandishi kibaki kwa fundi. Kigeu kinachostahili kusomwa na wasiokuwa mafundi hutambulika kwa maswali matatu: je, huweza kutoa kitu nje ya taasisi? Je, hubeba mamlaka ya kuingia mahali? Je, huficha taarifa ambayo mtu alipaswa kuiona? Kwa vigeu vitatu vilivyohakikiwa hapa, kila kimoja kinajibu ndiyo kwa swali moja.

8. Daftari la vigeu

Kinachopendekezwa ni daftari fupi, linalohifadhiwa pamoja na msimbo ili lipate historia, na linaloandikwa kwa lugha ambayo mwenye wajibu anaisoma. Ingizo moja lingeweza kusomeka hivi:

Jina: CUCUMBER_PUBLISH_ENABLED. Kazi: huamua kama ripoti ya majaribio itatumwa kwenye seva iliyo nje ya taasisi. Thamani inayoruhusiwa: false, na iandikwe waziwazi, isiachwe tupu. Kinachobebwa na ripoti: maandishi ya majaribio, majedwali ya data, picha zilizoambatishwa, anwani ya hazina ya msimbo na jina la tawi. Sheria inayohusika: Na. 058/2021, Kifungu cha 50. Mwenye mamlaka ya kubadili: afisa wa ulinzi wa data, kwa maandishi yenye tarehe na sababu. Nakala ya ndani: kila ripoti itunzwe katika seva ya taasisi kwa muda uliopangwa, hata pale ruhusa ya kutuma nje itakapotolewa.

Ingizo hili halihitaji zana mpya wala fedha. Linabadilisha mambo mawili. Kwanza, kimya kinageuka kuwa kauli: thamani ya false iliyoandikwa ni kukataa kunakoweza kuoneshwa kwa mkaguzi, tofauti na nafasi tupu. Pili, uamuzi unapata mwandishi. Panapokuwa na tokeni, ingizo lake litaje tarehe ya kuifuta na liagize kuwa hatua ya kutuma ripoti iendeshwe peke yake baada ya majaribio, pasipo siri nyingine yoyote chumbani. Funzo la Codecov linatosha kueleza sababu.

Kwa upande wa mamlaka za usimamizi, kuna hatua moja iliyo ndani ya uwezo wao. Taasisi inapoomba usajili au idhini ya kuhifadhi data nje, inaweza kutakiwa kuonesha pia vigeu vya zana za majaribio vinavyotoa data nje. Maswali ya ukaguzi yakielekezwa kwenye mfumo wa huduma peke yake, mlango wa nyuma unabaki bila kuulizwa.

9. Hitimisho

Uhakiki wa matini umezoea kutafuta uzito katika maandishi marefu. Vigeu vilivyosomwa hapa vina maneno matatu kila kimoja, na thamani ya kigeu cha kwanza na cha tatu ni true au false. Hata hivyo, ndani yake mna maswali yaleyale ambayo sheria ya data inayauliza: nani anatoa, anatoa nini, kwa nani, na kwa idhini gani. Sheria imeyauliza kwa lugha tatu, nazo nyaraka za zana zimeyajibu kwa lugha ya nne, ambayo ni lugha ya usanidi, bila kujua kuwa zimeulizwa. Kazi iliyobaki kwa watafiti wa Kiswahili ni kuandika kamusi ndogo kati ya pande hizo mbili. Kwa washauri wa sera wa Kigali na wa miji mingine ya kanda, kazi ni nyepesi kuliko inavyoonekana: katika ukaguzi ujao, ombeni orodha ya vigeu vya seva ya ujenzi, na muulize nani aliandika kila thamani, na lini.